Thumuni au Theluthi

Dadi alimwacha mkewe siku ya Jumanne, akiwa kwenye foleni, mbele ya watu wasiopungua arobaini, na wote wakacheka. Mkewe mwenyewe hakuwepo. Alikuwa bado kule kwenye kitongoji cha zamani aking'oa mlango wa nyumba yao, kwa sababu Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilikuwa imetamka kwamba kabla ya mvua kila mtu awe amehamia barabarani, na mlango wa mninga hauachiwi mchwa hata kama serikali ina haraka.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Kijiji kipya kilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka Mitwero, na kiliitwa Tupendane. Bwana aliyekichagulia jina hilo alikuja na Land Rover, akalitamka mara tatu, tukapiga makofi, akarudi kulala kwake Mtanda, mjini. Kupendana akatuachia sisi.

Aliyeandikisha watu alikuwa Damiani, karani Mkatoliki kutoka milimani, mwenye mwandiko mzuri na subira fupi. Sheria ilikuwa nyepesi: kaya moja, kiwanja kimoja. Dadi alikuwa na miaka arobaini na mitano, watoto watatu, na akili ya kuhesabu mbele. Alikitazama kiwanja kilivyopimwa kwa kamba, akawapanga wanawe watatu juu yake kichwani mwake, akaona hawaenei. Kisha akaona mwanamke mmoja aliyeachika, mwenye watoto wawili, anapewa kiwanja chake peke yake bila kuulizwa mara mbili. Zamu yake ikafika.

"Mke?" Damiani aliuliza bila kuinua uso.

"Nilikuwa naye."

"Amefariki?"

"Afe, nani atanipikia? Nimemwacha."

"Lini?"

"Leo asubuhi, kabla ya chai. Mwandike kaya yake, yeye na watoto. Na kiwanja chake kiwe mkabala na changu, ili akiolewa na mwingine nione wivu kwa karibu."

Foleni ikapasuka kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Abdurahmani, mtoto wa dada yake Dadi, aliyesimama nyuma yake akiwa amebeba kitanda cha kamba kichwani. Damiani hakucheka. Dini yake haikumfundisha uzito wa neno lile, naye alikuwa na foleni ya kumaliza. Akaandika: *Kidawa binti Salumu. Ameachika. Watoto watatu.*

Jioni Kidawa aliambiwa kwamba wamepata viwanja viwili.

"Umefanyaje?"

"Nimemchekesha karani."

Hakuuliza zaidi. Mumewe alipata mambo mengi kwa njia hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa mmojawapo. Wakajenga kwenye kiwanja kimoja, mlango wa mninga ukapata ukuta mpya. Kwenye kile cha pili, ng'ambo ya njia, wakasimamisha kibanda cha miti na udongo cha kuwekea mihogo, maisha yakaendelea.

Mali yao hasa ilikuwa imebaki kule walikotoka. Mikorosho mia na ishirini, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ardhi ilikwisha kuwa ya kijiji, hilo lilisemwa kwenye kila mkutano, lakini mkorosho uliendelea kuwa wa mtu aliyeupanda, na hakuna aliyethubutu kusema vinginevyo, kwa maana hata mwenyekiti alikuwa na yake. Dadi na Kidawa walikuwa wameipanda pamoja tangu mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mwaka waliooana. Yeye alichimba mashimo, Kidawa akabeba maji.

Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na sita tumbo la Dadi likaanza kujaa. Kwanza watu wakamtania kwamba amekuwa bwana mkubwa. Kisha miguu ikavimba, uso ukakonda, na utani ukakosa pa kukaa. Hospitalini alipewa dawa na maneno ya upole, na mtu mwenye akili akipewa maneno ya upole na daktari hurudi nyumbani kupanga mambo yake.

Jambo lililomsumbua lilikuwa moja. Kwa desturi yetu sisi Wamwera, mtu akifa, anayesimama kwenye mali yake ni mwana wa dada yake. Kwa Dadi, huyo ni Abdurahmani. Na Abdurahmani alikwisha kusimama mara moja, kwenye mali ya mjomba wake mkubwa, marehemu kaka yake Dadi. Hakuwa mwizi, hapana. Mwizi huchukua akakimbia. Abdurahmani alichukua akabaki palepale, akiwapa watoto pole. Watoto wale sasa waliokota korosho chini ya miti ya baba yao kwa ujira wa debe, na yeye ndiye aliyewapimia.

Basi asubuhi moja Dadi akaenda kwa Mwalimu Abilahi kuandika wasia. Mwalimu Abilahi alifundisha chuo cha Kurani, alifungisha ndoa, na kwa kuwa kazi hizo mbili hazilishi, alishona nguo. Walimkuta kibarazani kwenye cherehani, pini mbili mdomoni. Kidawa alimshika mumewe mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulishikwa na Abdurahmani, aliyejitolea kusindikiza kabla ya kuombwa.

"Nataka miti yangu yote iwe ya Kidawa," Dadi alisema mara tu alipokaa. "Andika hivyo, niweke dole, niende zangu."

Mwalimu alizitoa pini mdomoni. "Haiwezekani, Bwana Dadi. Mke ni mrithi, na mrithi hausiwi, haandikiwi kitu kwenye wasia. Fungu lake limekwisha kukatwa na Mwenyezi Mungu. Wewe una watoto, kwa hiyo lake ni thumuni."

"Ndiyo kiasi gani?" Kidawa aliuliza.

"Moja katika nane. Katika miti mia na ishirini, wewe kumi na mitano."

"Na mingine?"

"Ya watoto."

"Mwalimu, mkubwa wao ana miaka kumi na minne, na wadogo zake bado wanaogopa ng'ombe. Atawashikia nani?"

"Mimi si nipo, mkaza mjomba," Abdurahmani alisema kwa sauti laini. "Una wasiwasi gani? Kama nilivyowashikia wale wengine."

Kidawa aliutazama mkono wa Abdurahmani ulivyolala juu ya bega la mumewe, umelala kwa raha, kama mkono wa mtu aliyefika kwake.

"Naweza kuandika kwamba msimamizi awe mama yao," Mwalimu alisema polepole. "Nitaandika. Lakini sitakudanganya. Ukoo watakaa kikao, na kwenye kikao karatasi haina sauti. Thumuni yako tu ndiyo hawataigusa."

Hapo Abdurahmani angenyamaza, habari yetu ingeishia hapo na kila kitu kingekuwa chake. Lakini mtu akishashika mia na tano, kumi na mitano iliyobaki humuwasha.

"Tena Mwalimu," akasema, "kuhusu hiyo thumuni. Sipendi kusema mbele ya mgonjwa. Lakini dini ni dini. Mjomba alimwacha Bi Kidawa mwaka wa sabini na nne. Nilikuwepo, na mjumbe Ismaili alikuwepo. Na imeandikwa kwenye daftari la kijiji."

Tangu siku ile ya kuolewa, Kidawa hakuwa amewahi kuitwa Bi Kidawa na kinywa kile. Alikuwa mkaza mjomba asubuhi, alikuwa mkaza mjomba hata dakika chache zilizopita. Akageuka kumtazama mumewe.

"Ulikuwa utani," Dadi alisema. "Nilitaka kiwanja."

"Ulitamka?" Mwalimu akauliza.

"Nilitamka, lakini nilikuwa nacheka. Watu wote walikuwa wanacheka! Muulize huyu, alicheka mpaka kitanda kikamwanguka."

"Talaka haisikilizi kicheko, Dadi. Je, ulimrudia? Katika eda yake ulitamka kwamba umemrejea?"

"Nilirudi nyumbani nikala ugali."

"Hukutamka."

"Nitamke nini, mtu nimelala naye kitanda kimoja?"

Mwalimu Abilahi alifuta uso kwa kitambaa alichokuwa anashona, suruali ya watu. Alikuwa amewafungisha ndoa wengi, na sasa ilimlazimu kufungua hii ambayo hakuifunga. "Basi eda ilikwisha zamani," akasema. "Huyu si mkeo. Tangu mwaka juzi si mkeo."

Kidawa aliuondoa mkono wake. Hakuuondoa kwa hasira. Aliutoa tu, kama mtu anayerudisha kitu asichokuwa na ruhusa ya kukishika. Dadi akayumba upande ule, nusura aanguke kitini.

"Mwaka juzi," Kidawa alirudia. "Na mimi miaka yote hii nafua mashuka ya nani?"

Mguu wa Mwalimu ulikuwa unakanyaga cherehani bila nguo chini ya sindano. Kisha Dadi akainua kidole.

"Ngoja. Si mke?"

"Si mke."

"Kwa hiyo si mrithi?"

"Si mrithi. Hana kitu."

"Ni mtu baki, kama mpita njia."

"Ndiyo."

"Na mpita njia naruhusiwa kumuusia?"

Mwalimu alisita. Aliona linakoelekea, na sura yake ilikuwa ya mtu anayeona maji yanaingia mtumbwini asijue kama acheke. "Mpaka theluthi ya mali," akasema.

"Sema kwa miti."

"Arobaini."

Dadi alicheka mpaka kikohozi kikamkata. "Andika, Mwalimu! Andika kabla sijafa kwa furaha. Miti arobaini, ile ya upande wa kijitoni, kwa jirani yangu Kidawa binti Salumu. Na shahidi wa kwanza huyu hapa, Abdurahmani, aliyetukumbusha dini."

Abdurahmani angekataaje? Ni yeye aliyesema. Akaweka sahihi yake kwa mkono ulioanza kupoteza raha. Fundi jirani akaitwa kuwa shahidi wa pili.

"Mimi sijaulizwa," Kidawa alisema.

Wakamgeukia.

"Mwalimu, nikitaka kuwa mke?"

"Mnafunga ndoa upya. Walii wako, mahari, mashahidi wawili. Hata kesho. Lakini siku hiyohiyo unakuwa mrithi, na wasia huu unakufa. Unarudi kwenye kumi na mitano."

"Na mahari nikimpa kwa miti?" Dadi akadakia.

"Mgonjwa wa namna hii, mahari yakizidi ya kawaida, ukoo watayapinga na watashinda."

"Basi ndivyo ilivyo," Kidawa alisema. "Mke, kumi na mitano. Mpita njia, arobaini."

"Ndivyo ilivyo," alisema Mwalimu, naye hakuweza kumtazama usoni. "Na kwa sasa, msilale chini ya paa moja. Samahani."

Siku ileile Kidawa alihamishia mkeka wake kwenye kile kibanda cha mihogo ng'ambo ya njia. Hivyo ndivyo kiwanja cha pili kilivyopata mtu.

Ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mlango hadi mlango. Dadi alitolewa asubuhi akawekwa barazani kwake, miguu juu ya kinu kilicholazwa. Kidawa alipika kwake, na binti yao Mwanaima akavuka njia na bakuli. Kijiji kizima kilisikia mazungumzo yao, maana waliongea kwa kupaza sauti, ng'ambo kwa ng'ambo.

"Jirani!"

"Unasemaje, jirani?"

"Chumvi imezidi."

"Mwambie mkeo."

"Nilimwacha."

"Basi kula."

Watu walipita wakicheka, na Kidawa alicheka nao mpaka walipokata kona. Kisha alikaa akatazama jinsi Abdurahmani anavyomwosha mjomba wake miguu. Alimimina maji kama mtu anayeosha jembe. "Yapoze kwanza!" Kidawa alipiga kelele. "Ngozi imekuwa nyembamba hiyo!" Abdurahmani akamjibu kwa heshima zote: "Usijichoshe, Bi Kidawa, huyu ni mjomba wangu." Na kweli alikuwa mjomba wake. Yeye Kidawa alikuwa nani?

Rafiki yake Brigita, jirani aliyehamishwa kutoka milimani pamoja na misalaba yake na kuku wake, alikuja kukaa naye wakimenya mihogo.

"Kwetu mambo haya hayapo," Brigita alisema. "Padre akikufunga, umefungwa. Hata mkichukiana mnachukiana ndani ya ndoa."

"Ningejua ningebatizwa."

"Fungeni tena ndoa, Kidawa. Kaka yako yuko Pande, si mbali. Mlete."

"Dadi anasema akipona. Anataka pilau."

"Na asipopona?"

Kidawa alimenya muhogo mpaka ukabaki mdogo kama kidole. Lile swali alikwisha kumwuliza Dadi mwenyewe, siku moja baraza lilipokuwa tupu.

"Ukifa mimi nitakaa wapi msibani?"

"Jikoni, na majirani wengine. Kuna moshi huko. Ukilia watadhani ni kuni mbichi."

"Nakuuliza kweli, Dadi."

"Na mimi nakujibu kweli." Alikuwa amefumba macho. "Nilitaka kiwanja, Kidawa. Watoto watatu hawaenei kwenye kimoja. Sikujua kama nalipa."

"Mwite kaka yangu."

"Nikipona."

"Mwite sasa."

"Nikimwita sasa, Abdurahmani atachinja mbuzi kwa furaha, na Mwanaima ataokota korosho kwa debe. Nikipona nitamwita, tutapanda mikorosho mingine, nawe utakuwa mke wa thumuni mpaka uzeeke. Sasa hivi nivumilie. Kaa ukiwa mpita njia."

Ijumaa moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imepumzika kidogo, Mwanaima alivuka njia na bakuli la uji akarudi nalo limejaa.

Mambo ya msiba hayana katibu. Kabla Kidawa hajafika katikati ya njia, wanawake walikwisha kumdaka. Hakuna aliyekumbuka daftari wala karatasi. Walimwona mwanamke waliyemjua ni mke wa Dadi, wakamfanyia lile linalofanyiwa mke. Wakamwingiza kwa ule mlango wa mninga, wakamkalisha chini pembeni, mahali pa mjane, wakamfunika kaniki. Naye akakaa. Brigita alimwinamia sikioni.

"Kidawa. Unajua umekaa wapi?"

"Najua."

"Na ile karatasi?"

"Niache nikae, Brigita. Leo tu."

Akakaa na siku ya pili. Wanawake walikuja mmoja mmoja, wakamshika mikono, wakalia naye, wakamwambia yale aambiwayo mjane. Alipokea kila neno kama mtu mwenye njaa apokeavyo chakula cha watu.

Siku ya tatu ikasomwa hitima. Wanaume walijaa barazani na uani, wanawake ndani. Baada ya dua, kahawa ikizunguka, Abdurahmani akasimama. Macho yalikuwa mekundu, na nisimsingizie, alilia kweli. Mtu anaweza kumlilia mjomba wake huku akiwaza miti yake.

"Jamaa zangu, nina neno dogo," akasema. "Marehemu aliacha karatasi kwa Mwalimu, na shahidi ni mimi. Karatasi inasema miti arobaini apewe mtu baki. Lakini huyo mtu baki tunamwona wote. Mkaza mjomba wangu yumo humo ndani, amefunikwa kaniki, amekaa eda ya mumewe, na Mwenyezi Mungu ampe subira. Kama anakaa eda, ni mke. Kama ni mke, ni mrithi, na mrithi hausiwi. Mwalimu mwenyewe alitufundisha. Basi apewe thumuni yake kwa heshima, na karatasi ichanwe. Mimi nitawashika watoto."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa neno zuri. Hata waliompenda Kidawa walikubali, kwa kuwa waliona anarudishiwa heshima yake. Mjumbe Ismaili, aliyekuwa kwenye foleni ile, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa kweli siku ile watu walikuwa wanataniana tu. Abdurahmani akamwitikia upesi: kweli kabisa, ulikuwa utani.

Mwalimu Abilahi aliweka kikombe chini. "Mimi siwezi kuandika lililomo moyoni mwa mtu," akasema. "Mwenyewe yupo. Atuambie amekaa hapo kama nani, tutalichukua hilo. Bi Kidawa, unatusikia?"

"Nasikia," sauti ikatoka ndani.

"Basi tuambie."

Chumbani, mwanamke aliyemshika mkono wa kulia aliubana: sema. Ilikuwa rahisi hivyo. Aseme neno moja tu, naye atakuwa mke wa Dadi, alikuwa mke wake siku zote, na mjane wake leo. Akisema jingine, basi anakiri mbele ya kijiji kwamba alikaa karibu miaka miwili nyumbani kwa mwanamume asiye wake, akilala kitanda kimoja naye. Na vile vilio vyote alivyopokea siku mbili hizi alivipokea kwa kudanganya.

Msichana mmoja aliingia na sinia la vikombe. Alikuwa mtoto wa yule mjomba mkubwa wa Abdurahmani, wa rika la Mwanaima. Alimpa Kidawa kahawa kwa mikono miwili, kwa adabu, na Kidawa akaona vidole vyake. Utomvu wa maganda ya korosho ulikuwa umevichubua msimu baada ya msimu mpaka ngozi ya ncha imekuwa ngumu, nyeusi, haina hata ile mistari ya vidole aliyozaliwa nayo.

Kidawa hakunywa ile kahawa.

"Damiani yuko hapo nje?" akauliza.

"Nipo, mama."

"Daftari la kijiji liko wapi?"

"Ofisini, mama. Karibu tu."

"Lilete."

Likaletwa. Damiani alifungua, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti ya mtu anayetamani mwandiko wake uwe mbaya.

"Soma kwa nguvu," Kidawa alisema kutoka ndani. "Walio nyuma hawajasikia."

"Kidawa binti Salumu," Damiani akasoma, na uani pote pakasikika. "Ameachika. Watoto watatu."

"Ndivyo nilivyo," Kidawa akasema.

Kisha akasimama. Aliivua ile kaniki, akaikunja mara mbili, mara nne, akamwekea Brigita mapajani. Akachukua panga lililokuwa nyuma ya mlango, akatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya wanaume, juani, siku ya tatu ya msiba, kitu ambacho mjane hakifanyi. Wanaume wakatazama vikombe vyao. Alipita bila kusalimu, akashika njia ya kwenda kwenye mikorosho.

Mwalimu Abilahi alingoja mpaka mgongo wake ukapotea njiani. "Wasia umesimama," akasema. Halafu akaomba maji.

Ingekuwa mtu mwingine, angeishia hapo. Abdurahmani hakuwa mtu wa kuishia. Jioni ileile alimwendea Mwalimu mara mbili akisema kwamba mwanamke anaweza kukana kwa mdomo na bado akakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, kwa siri. Akikutwa na dalili za eda, je? Mwalimu alimwambia aache kupeleleza wanawake wa watu. Lakini hakumwambia kwamba swali halina maana, na hilo lilitosha. Tangu kesho yake ikawa kila asubuhi Abdurahmani ana shughuli kwenye njia ile ya Kidawa, na wapo wanawake wawili watatu waliotumwa kuomba moto, wakanusa, wakatazama.

Mjane hajipambi. Kidawa alijua wanachotafuta. Siku ya nne asubuhi alimwomba Brigita kanga yake nyekundu, maana yeye nyekundu hakuwa nayo. Akajifukiza udi. Akasaga wanja, akakaa mlangoni mwa kibanda, Brigita akamshikia kioo.

"Inua kioo," Kidawa alisema. "Jua linanipiga machoni."

"Hapo sawa, mama? Paka basi."

Akapaka jicho moja, akapaka la pili, vizuri, kama bibi harusi, akachukua panga lake. Kwenye kona akamkuta Abdurahmani amesimama hana analofanya.

"Umependeza, Bi Kidawa," akasema, macho yake yakimtambaa usoni.

"Ahsante, mwanangu. Nitafutie mume."

Akampita. Alitembea zile saa mbili peke yake mpaka upande wa kijitoni, kwenye miti yake arobaini, ambako hapakuwa na mtu wa kuomba moto. Adhuhuri alipokuwa anarudi, uso ulikuwa umeoshwa kwa maji ya kijito na macho hayakuwa na wanja hata chembe. Kesho yake akapaka tena. Alifanya hivyo kila siku, miezi minne na siku kumi.